Sindano na Uzi katika Nyanda za Juu Kusini

Tunapotaja utamaduni wa taifa, mawazo yetu hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na silaha za mababu. Ni haki kuvitaja. Lakini iko kazi nyingine ambayo imekaa mbele ya macho yetu kwa muda mrefu hata tukaacha kuiona, nayo ni kazi ya kudarizi, ambayo wengine huiita kutarizi. Katika nyumba nyingi za Iringa na Mbeya, mjini na vijijini, kitambaa cheupe chenye maua ya uzi kimefunika meza, kiti, redio na mto wa kulalia. Mgeni huketi, hula, huaga, wala hakumbuki kuuliza kitambaa kile kilitoka wapi. Katika makala haya tunakusudia kuliuliza swali hilo, na kueleza kwa nini jibu lake ni sehemu ya historia yetu.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba mikono ya watu wa nyanda hizi haikuwa mitupu kabla ya sindano ya dukani kuwafikia. Wanawake wa Kihehe walisuka vikapu vya milulu, na wangali wanavisuka hadi leo, wakihesabu majani yaliyotiwa rangi ili mapambo yakutane sawasawa kikapu kinapozunguka. Wanyakyusa walitengeneza nguo za magome ya miti. Wanyiha wa Mbozi, wilaya ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, pamoja na jirani zao wa upande wa Rukwa, walisokota pamba na kuifuma katika vitanda vya mfumi vilivyolazwa ardhini. Ufumaji huo ulififia kadiri merikani na kaniki kutoka pwani zilivyoenea. Hata hivyo, kuhesabu, kupanga rangi na kuvumilia kazi ya siku nyingi ni mambo ambayo wanawake hawa walikuwa nayo tayari.

Kudarizi kulikuja kwa njia ya shule. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walifika Unyakyusa wakitokea upande wa Ziwa Nyasa, na Wamoravian wakafanya makao yao Rungwe. Upande wa Iringa, Wabenediktini wa Kijerumani walianzisha misheni ya Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nafasi yao ikashikwa na Wakonsolata kutoka Italia. Katika shule za misheni, na baadaye katika shule za serikali ya Waingereza, mvulana alitayarishwa kuwa karani, mwalimu au fundi. Msichana alifundishwa kupika, kufua na kushona, ili awe mke wa karani huyo. Ubaguzi huo hatuwezi kuuficha: sindano ilitolewa mahali ambapo kalamu ilistahili kutolewa kwa upana zaidi. Lakini kosa la aliyetoa chombo si sababu ya kudharau kazi ya aliyekipokea.

Na kazi yenyewe ina elimu yake. Kitambaa kinachofaa ni cha pamba au kitani, ambacho nyuzi zake zimefumwa sawa, hata jicho likaweza kuzihesabu. Mchoro huwekwa kwa penseli au kwa karatasi ya kaboni, kisha kitambaa huwambwa katika fremu ya mviringo ya mbao ili kisijikunje. Uzi wa pamba wa kudarizia, kama ule wa kampuni ya DMC ya Ufaransa, ambayo asili yake ni mwaka 1746, huwa na nyuzi ndogo sita zilizolala pamoja. Mshonaji huzitenganisha: mbili kwa mstari mwembamba, tatu au zaidi kwa ua zito.

Mishono ni mingi, lakini michache ndiyo mama wa mingine. Katika mshono wa mnyororo, uzi hufanywa kitanzi, sindano hurudi pale ilipotokea, kisha huchomoza mbele ndani ya kitanzi hicho. Pete ya kwanza hushikwa na ya pili. Mshono wa shina huenda kwa hatua fupi zinazolaliana, nao hutumika kwa vijiti vya maua na kwa herufi. Mshono wa kujaza hulaza nyuzi ubavu kwa ubavu hadi jani lote lifunikwe. Mshono wa msalaba hutaka hesabu, kwa maana ukikosea uzi mmoja mwanzoni, ua zima hupinda mwishoni. Fundi hodari hupimwa kwa kugeuza kitambaa: nyuma hapaonekani mafundo makubwa wala nyuzi zinazoning'inia.

Je, kazi hii iliyokuja na wageni ikawaje yetu? Ilikuwa yetu pale wanawake walipoanza kuitumia kwa mambo yao. Foronya zilishonwa maneno LALA SALAMA. Vitambaa vya ukutani vikasema KARIBU MGENI. Mashuka ya kudarizi yakawa miongoni mwa vitu ambavyo bibi arusi huingia navyo katika nyumba mpya. Tumeona huko Tukuyu kitambaa ambacho waridi la kielelezo limeachwa, na mahali pake pamewekwa mkungu wa ndizi. Baada ya Uhuru, vikundi vya wanawake, pamoja na vile vya Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulioanzishwa mwaka 1962, viliifanya kazi ya sindano kuwa njia ya kukutana na kujipatia fedha. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wapo waliokwenda darasani wakiwa wamekwisha kuzizoea herufi kwa vidole. Mama yetu mzazi alituambia kwamba herufi alizozimudu kwanza ni zile alizozifuata kwa sindano juu ya foronya. Jina lake alilishona kabla hajaliandika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipopungukiwa fedha za kigeni na bidhaa zikaadimika, nyuzi za rangi zilitoweka madukani. Mama hakuiacha kazi. Alifumua masweta yaliyochakaa, akazinyoosha nyuzi zake kwa mvuke wa maji, akaendelea kushona jioni za baridi ya Juni na Julai. Vitambaa vya miaka ile tunavitambua mpaka leo kwa unene wa uzi wake.

Hapa yatupasa tukiri kosa letu. Katika miaka ya 1990, tukiwa karani kijana, tulipewa kazi ya kuorodhesha vitu vya maonyesho ya utamaduni. Mama mmoja mtu mzima alileta shuka lililomchukua msimu mzima. Tuliandika mbele ya jina lake: "Si vya asili." Alilikunja shuka lake polepole, akatuaga kwa heshima, akaenda zake. Tulijiona tumeulinda utamaduni kwa kuufuata msemo usemao, mwacha asili ni mtumwa.

Leo twaona kwamba hatukuuelewa msemo huo. Khanga kwa miaka mingi ilipigwa chapa Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 tu. Hata hivyo hakuna aithubutuye kusema khanga si yetu, kwa kuwa maneno yake na matumizi yake ni ya watu wetu. Ikiwa ndivyo, tutakikataaje kitambaa ambacho mkono wenyewe uliokishona ni wa Mtanzania?

Siku hizi vitambaa vilivyoshonwa kwa mashine, vingi kutoka Asia, hupatikana sokoni kwa bei nafuu, na binti hana haja ya kukesha na sindano. Kazi ya mkono haijafa: mjini Iringa, kituo cha Neema, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kimewapatia watu wenye ulemavu riziki kwa kazi za mikono. Lakini kumbukumbu za majumbani zinakwisha kimya kimya, kwa maana shuka likichanika hugeuzwa tambara la kupangusia sakafu.

Twawaomba walimu wa historia wawape wanafunzi kazi hii: kila mmoja atafute nyumbani kitambaa kimoja cha mkono, amuulize bibi, mama au shangazi ni nani aliyekishona, mwaka gani, uzi ulipatikana wapi, na maneno yake yalimlenga nani. Majibu yaandikwe daftarini pamoja na jina kamili la mshonaji. Jina la mama yule wa maonyesho tulilikata kwa kalamu, na sasa hatulikumbuki tena.