Kanyaga Kwanza: Breki za Gari, Uani Madimba, na Historia ya Mikono Tuliyoidharau

Mwishoni mwa mwaka jana nilisafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam kwenda Madimba, mkoani Mtwara, kumwona mama yangu. Gari langu ni la mtumba kutoka Japani, kama yalivyo magari ya watumishi wengi wa umma wa rika langu. Tulipopita Mikindani nilisikia mlio mwembamba kila nilipokanyaga breki. Nilipofika kijijini mlio ule ulikuwa umegeuka kuwa mkwaruzo wa chuma juu ya chuma. Ilikuwa Jumamosi jioni. Jumatatu asubuhi nilipaswa kumpeleka mama mjini kumwona daktari.

Pedi mpya za breki nilikuwa nazo kwenye buti. Nilizinunua kabla ya safari, lakini fundi wangu wa mjini aliniambia zile za zamani zitanifikisha na kunirudisha, nami nikamwamini kwa sababu nilikuwa na haraka. Nikaanza kuulizia gereji. Mpwa wangu, mtoto wa dada, akanitazama kwa mshangao wa adabu. “Mjomba,” alisema, “hizo tunazibadilisha hapa hapa uani, kesho asubuhi kabla jua halijawa kali.”

Nina shahada ya uzamivu. Nimemiliki magari kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Hadi siku ile sikuwahi kufungua hata nati moja ya tairi kwa mkono wangu. Mpwa wangu aliishia kidato cha nne, akafanya kibarua cha kuchimba mtaro wakati wa ujenzi wa bomba la gesi, na kibarua kilipokwisha akageukia bodaboda. Makala hii inajaribu kueleza ilikuwaje yeye akajua nami nisijue, na kwa nini jambo hilo si dogo kama linavyoonekana.

Nianze na kazi yenyewe, kwa kuwa historia ya chombo haieleweki kwa mtu asiyejua chombo hicho kinafanyaje kazi. Breki ya diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Pembeni yake kuna kishikizo, ambacho mafundi hukiita kalipa, chenye pistoni ndani yake. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki hupeleka msukumo hadi kwenye pistoni, nayo huzibana pedi mbili juu ya sahani, moja kila upande. Mwendo wa gari hugeuka kuwa joto. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kugeuzwa kuwa joto huongezeka mara nne. Ndiyo maana dereva anayekimbia hudanganyika: breki zilizomtosha kwenye kilometa 40 kwa saa hazina budi kufanya kazi mara nne zaidi kwenye kilometa 80.

Asubuhi ya Jumapili tuliliegesha gari penye ardhi ngumu, tukavuta breki ya mkono na kuweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Tulilegeza nati za tairi la mbele kabla ya kuliinua gari, kwa maana likishainuliwa tairi huzunguka na nati hukataa. Tukapiga jeki, kisha mpwa wangu akaingiza gogo la mkorosho chini ya fremu. “Jeki ni ya kuinulia, mjomba, si ya kulalia,” alisema. Tairi likatoka. Akafungua bolti ya chini ya kalipa, akaiinua kalipa juu na kuifunga kwa waya ili isining'inie kwenye mpira wa mafuta. Pedi za zamani zikatoka.

Hapo niliona kilichokuwa kikikwaruza. Pedi ya ndani ilikuwa imebanduka kabisa kutoka kwenye kibati chake. Miezi mitano kabla ya hapo niliuziwa pedi hizo kwa maneno kwamba ni “orijino”. Sitataja duka. Nitasema tu kwamba boksi lilikuwa zuri kuliko kilichokuwamo.

Mpwa wangu alilifuta vumbi jeusi kwa kitambaa kibichi, akanikataza kulipuliza. Akaikagua sahani kwa kidole: ilikuwa na michirizi, lakini haijaliwa sana. Akafungua kifuniko cha mafuta ya breki, akairudisha pistoni ndani taratibu kwa kuibana na pedi ya zamani, huku mimi nikiangalia mafuta yasifurike. Akapaka grisi kidogo kwenye pini za kalipa, akihakikisha haigusi sahani wala pedi. Pedi mpya zikakaa, bolti ikakazwa, tairi likarudi, nati zikakazwa kwa kupishana. Kisha tukafanya vivyo hivyo upande wa pili, kwa sababu pedi za mbele hubadilishwa zote kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, gari linaweza kuvutwa upande siku utakayofunga breki ghafla.

Nilipoketi kwenye usukani na kutaka kuwasha gari, alinizuia. “Mjomba, kanyaga kwanza.” Nikakanyaga. Pedali ikazama hadi chini kama imekanyaga maji. Nikakanyaga tena, na tena, hadi ikawa ngumu. Pistoni zilikuwa zimerudishwa nyuma, na mpaka zisogee mbele tena na kuzigusa pedi, gari halina breki. Laiti ningeondoka bila kuijaribu pedali, ningegundua hilo kwenye mteremko wa kwanza, nikiwa na mama pembeni yangu.

Sasa historia. Breki ya diski ilisajiliwa kama uvumbuzi mwaka 1902 na mhandisi wa Kiingereza, Frederick Lanchester, mjini Birmingham. Haikufanikiwa wakati huo. Pedi zake zilikuwa za shaba, zilipiga kelele, na vumbi la barabara za enzi hizo lilizila upesi. Mtu wa Madimba ataielewa sababu hiyo bila mhadhara. Kabla ya Lanchester, Mwingereza mwingine, Herbert Frood, aliwaona wachukuzi wa Derbyshire wakifunga breki za mikokoteni kwa ngozi za viatu vikuukuu, na kutokana na hayo akaanza kutengeneza breki bora za kuuza. Nasisitiza jambo hili: kampuni kubwa ya breki ilizaliwa kutokana na ujanja wa wachukuzi. Maarifa yalianza mikononi, kisha yakapanda ngazi kuingia maabara na viwandani.

Breki ya diski ilipata heshima yake mwaka 1953, pale magari ya Jaguar yaliyofungwa breki za Dunlop yaliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa. Mwaka 1955 Citroën wakaiweka kwenye gari lao la DS lililotengenezwa kwa wingi. Katika sehemu kubwa ya karne hiyo, pedi na lainingi za breki zilitengenezwa kwa asbesto, madini yasiyoungua kwa urahisi. Sehemu ya asbesto hiyo ilichimbwa Afrika: Afrika Kusini, Swaziland, na Zvishavane katika Zimbabwe ya leo. Vumbi lake husababisha saratani. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Onyo la mpwa wangu la kutopuliza vumbi lina nyuma yake mapafu ya wachimbaji na mafundi wasiohesabika, wengi wao Waafrika, ambao hawakuambiwa mapema walichokuwa wakikivuta.

Kusini mwa nchi yetu mashine ziliingia kwa wingi kwa njia moja mashuhuri: mradi wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kupata mafuta ya kula kwa ajili ya raia wake waliochoshwa na vita. Ilileta matrekta chakavu ya jeshi, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mashine zilivunjika kuliko zilivyolima. Udongo haukupimwa ipasavyo, mvua haikusomwa, bandari na reli havikuwapo wakati kazi inaanza. Mwaka 1951 mradi ulitupwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyokusudiwa kuzisafirisha karanga hizo, ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga zenyewe hazipo. Reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iling'olewa mapema katika miaka ya 1960.

Kwa lugha ya mpwa wangu, waliondoka bila kukanyaga kwanza. Wakubwa walikuwa na takwimu, ramani na bajeti. Wakulima waliojua udongo ule na msimu wake hawakuulizwa. Hata hivyo mradi ule uliacha kitu ambacho vitabu vya uchumi hukipita haraka: vijana Waafrika waliojifunza kuendesha matrekta na kuyatengeneza. Mradi ulipokufa, ujuzi wao haukufa nao. Walikwenda nao kwenye mashamba ya mkonge, kwenye idara za ujenzi, kwenye malori ya Wahindi na Waarabu, na kila mmoja akawa na vijana wake wa kushika spana.

Baada ya uhuru tulikuwa na nafasi ya kuupa ujuzi huo heshima. Mwaka 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akionya dhidi ya shule inayomfanya kijana aidharau kazi ya mikono. Tuliusoma, tukaufanyia mitihani, na wengi wetu tukaufaulu kwa alama nzuri. Lakini shuleni mwetu jembe liligeuka kuwa adhabu ya waliochelewa, na ufundi ukawa mahali pa waliofeli. Mimi ni zao la elimu hiyo. Ninaweza kuufundisha waraka ule kwa saa mbili bila karatasi, na bado nikashindwa kubadilisha pedi za gari langu.

Kilichoiokoa nchi wakati wa dhiki hakikuwa mihadhara yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera kumaliza akiba, fedha za kigeni zikawa haba na vipuri vikaadimika. Malori yalisimama juu ya mawe. Waliobaki kuyatembeza ni mafundi wa chini ya miembe, waliopiga ribiti lainingi kuukuu, waliohamisha kifaa cha gari moja kwenda jingine. Miaka ya 1980 ilipofungua milango ya biashara, magari ya mtumba yakamiminika, na vipuri vikaja pamoja nayo: vizuri, vibaya na bandia. Shirika la Viwango tunalo tangu mwaka 1975, na Sheria ya Usalama Barabarani tangu 1973. Lakini mnunuzi asiyejua pedi nzuri inafananaje hununua boksi, na sheria haiwezi kuwa macho ya kila mnunuzi katika kila duka.

Nirudi Madimba. Gesi ya Mnazi Bay, jirani na hapo, iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Watu walikufa, mali zikaungua, jeshi likapelekwa. Mwaka 2015 mtambo wa kusafisha gesi ulizinduliwa hapo hapo Madimba. Katika mijadala ya wakati ule, sisi wasomi tuliligeuza swali kuwa la mgawanyo: mapato ni ya nani, asilimia ngapi ibaki wapi. Lilikuwa swali halali, na bado ni halali. Lakini kuna swali la pili ambalo tuliliuliza kwa sauti ndogo: ni nani atakayejua? Ni vijana wangapi wa vijiji hivi watakaoweza kufungua mashine zile, kuzikagua na kuzifunga tena? Mapato yanaweza kuongezwa kwa barua moja ya waziri. Ujuzi hauongezwi kwa barua. Bomba likishafukiwa, aliyechimba mtaro hurudi nyumbani na mikono yake, na aliyefundishwa mtambo hubaki kazini.

Sisemi kwamba kila mtu awe fundi wake mwenyewe. Breki si mahali pa kujifunzia peke yako. Mimi nilikuwa na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo mara nyingi. Wala sisemi kwamba umaskini ni shule nzuri. Mpwa wangu angependa zaidi VETA na cheti kuliko kujifunzia kwenye pikipiki za watu. Ninachosema ni kwamba taifa linalomwita fundi “aliyefeli” hukabidhi maisha yake kwa mtu lisilomheshimu, kisha hushangaa ajali zinapotokea. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnapanga bajeti za vyuo vya ufundi. Wanafunzi mnachagua masomo. Wanaharakati mnaandika madai. Kila mmoja wenu ana pedali yake ya kujaribu kabla ya kuondoka.

Jumatatu tuliondoka alfajiri. Mpwa wangu aliketi nyuma na bibi yake mbele. Kwenye barabara tupu aliniambia nipunguze mwendo mara kadhaa, taratibu, bila kusimama kabisa, ili pedi mpya zizoeane na sahani. Mama aliuliza kwa nini tunasita-sita njiani kama punda mgeni. Mjukuu wake akamjibu, “Mjomba anajifunza, bibi.” Sikuwa na la kupinga.