Chama Kilichofuata Waya: Historia Fupi ya Wafanyakazi wa Posta na Simu, Shinyanga hadi Geita

Tarehe 1 Januari 1994 Shirika la Posta na Simu Tanzania lilikoma kuwa kitu kimoja. Posta ikapewa shirika lake, simu ikapewa kampuni yake, TTCL, na usimamizi wa sekta ukakabidhiwa tume mpya. Zaidi ya miaka thelathini imepita tangu siku hiyo, nayo inatosha kuwa sababu ya kuitazama upya safari ya wafanyakazi hao na vyama vyao. Kwa kawaida safari hiyo husimuliwa kwa orodha ya majina: TFL, NUTA, JUWATA, OTTU, kisha TEWUTA na COTWU(T). Orodha ni sahihi, lakini haielezi kwa nini wafanyakazi hawa waliweza kuitikisa nchi wakati fulani, na wakati mwingine wakashindwa hata kudai mafao yao. Ninavyoona mimi, chama kilikuwa na nguvu pale umbo lake lilipolingana na umbo la mwajiri, na kilidhoofika kila mwajiri alipobadilika kikabaki na umbo la zamani. Ukanda wa Shinyanga na Geita unalionyesha jambo hili waziwazi, kwa kuwa huku mawasiliano yameandamana na reli, almasi na dhahabu tangu mwanzo.

Reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, ikipita Isaka na Shinyanga. Barua zilisafiri kwa treni. Mwaka 1940 mwanajiolojia Williamson aligundua almasi Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga, na ng'ambo ya magharibi mgodi wa dhahabu wa Geita ulikuwa umeshaanza kuchimbwa tangu miaka ya 1930, ukaendelea hadi 1966. Migodi huleta watu wa mbali, na watu wa mbali hutuma fedha nyumbani. Hapo ndipo kazi ya karani wa posta ilipokuwa na uzito wake. Mtu alileta noti zake, karani akazihesabu, akajaza fomu ya mani oda, akagonga mhuri wa tarehe, akakata stakabadhi. Vifurushi vya rejista viliingizwa kwenye mfuko wa turubai, kamba ikafungwa, fundo likamiminiwa lakiri na kugongwa mhuri, mfuko ukakabidhiwa kwa sahihi hadi stesheni. Hadi hapo kila mkono uliupokea kutoka mkono mwingine wenye mwajiri yuleyule. Mmoja akisimama, mfuko nao unasimama, na aliye Kigoma au Songea hapati senti aliyotumiwa. Wafanyakazi wachache wa ofisi ndogo kama ya Shinyanga walikuwa na nguvu kuliko idadi yao, kwa sababu walikuwa kiungo katika mnyororo mmoja.

Nguvu hiyo ilionekana baada ya Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, kuundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Mgomo wa wafanyakazi wa posta, ulioanzia mwisho wa 1959 na kuingia 1960, ulidumu siku 55. Ukafuatiwa na mgomo wa reli wa siku 82, chini ya chama kilichoongozwa na Kasanga Tumbo. Mji uliopata barua zake kwa treni ulibanwa mara mbili, mgomo mmoja baada ya mwingine. Yapo maoni kwamba migomo ile ilikuwa siasa ya uhuru iliyovaa nguo za kazi. Uhuru ulikuwamo kweli, wala haikuwa siri. Lakini watu hawakai siku 55 bila mshahara kwa sababu ya hotuba peke yake. Walikaa kwa kuwa kazi ileile ililipwa tofauti kwa rangi ya mtu, na mwajiri wao, utawala wa posta wa Afrika Mashariki, aliamua mambo yao akiwa nje ya Tanganyika. Nadhani hata urefu wa mgomo una maelezo yake hapo: mwajiri alikuwa wa nchi tatu, chama kilikuwa cha nchi moja. Pengo lilikuwepo tangu siku za ushujaa.

Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, na NUTA ikaundwa kwa sheria kuwa chama pekee cha wafanyakazi. Katibu mkuu aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Wapo wanaoitetea NUTA, na utetezi wao una uzito. Sheria ya usalama wa ajira ya 1964 ilimwekea mwajiri mipaka ya kumwadhibu na kumfukuza mtu, ada ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara, na mfanyakazi wa ofisi ndogo ya mkoani alipata kinga ambayo chama kidogo kisingeweza kumnunulia. Nayakubali yote hayo. Ila kinga inayoshuka kutoka juu haimfundishi anayelindwa namna ya kujilinda, na siku mkono wa juu unapoyumba, matawi hujikuta hayana mazoea ya kusimama yenyewe.

Siku hiyo ilifika 1977. Miaka kumi nyuma, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa umeugeuza utawala wa posta wa Afrika Mashariki kuwa Shirika la Posta na Simu la nchi tatu, makao makuu yake Kampala. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ilichukua kipande chake. Mali na madeni yalijadiliwa kwa miaka, hadi mkataba wa mgawanyo wa 1984, ambao ulizitwika serikali jukumu la kulipa pensheni na mafao ya watumishi wa Jumuiya. Kwa Tanzania madai hayo yalifika mahakamani wazee wakiwa wamekwishaota mvi. Makubaliano ya 2005 yalihusu watu zaidi ya 31,000 wa reli, bandari, ndege, posta na simu, kwa shilingi bilioni 117, na hata baada ya hapo malalamiko ya malipo hayakwisha. Miaka 28! Katika nusu ya kwanza ya muda huo chama rasmi kilikuwepo, kwanza kama NUTA, kisha JUWATA kuanzia 1978, jumuiya ya chama tawala. Wazee walifungua kesi kwa majina yao wenyewe. Mwajiri wao alikuwa ameyeyuka, na chama kilichojengwa ndani ya dola hakingeweza kuishitaki dola. Huu ndio ukurasa mzito kuliko yote katika historia hii, na unasikitisha kuona kumbukumbu nyingi za vyama vyetu zikiuruka.

Mageuzi ya miaka ya 1990 yalileta OTTU mwaka 1991, na baadaye vyama vya kisekta vyenye haki ya kujichagulia viongozi. Wafanyakazi wa simu walipata TEWUTA; COTWU(T) ikabeba mawasiliano na uchukuzi. Uhuru ulirudi, lakini ulirudi mwajiri akiwa amekwisha kugawanyika. Mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa za TTCL ilikabidhiwa wabia kutoka Uholanzi na Ujerumani, na mwaka huohuo kampuni ya simu za mkononi, Celtel, ikazaliwa ndani ya TTCL, kisha ikatenganishwa nayo. Serikali ilizinunua tena hisa hizo mwaka 2016 kwa shilingi bilioni 14.9. Watu husema, na si bila sababu, kwamba Geita na Kahama zilipata simu kwa sababu ya kampuni binafsi, wala si kwa sababu ya chama chochote. Kwamba aliyesubiri waya wa shaba angekuwa anasubiri mpaka leo. Ni kweli kwamba mnara umefika ambako nguzo haikufika. Hoja hiyo inatueleza nani alileta huduma. Haitwambii nani anabeba hasara huduma inapoharibika, na kazi ya chama ilikuwa hiyo tangu enzi za mfuko wa lakiri.

Majirani wa migodini walijibiwa swali hilo kwa ukali. Oktoba 2007 wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, wakiwa chini ya TAMICO, chama cha wafanyakazi wa migodi, waligoma. Mgomo ulitangazwa kuwa batili na zaidi ya watu 1,000 wakafukuzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inautambua mgomo kama haki, lakini inataka usuluhishi utangulie na notisi ya saa 48 itolewe. Chama kinachoifahamu njia hiyo kinaweza kupita. Kisichoifahamu kinaumia kwa siku moja. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba vyama vimepitwa na wakati. Bulyanhulu lilikuwapo shimo moja, lango moja na mwajiri mmoja, na bado watu walishindwa; waliotawanyika wanakihitaji zaidi chama kinachoijua njia hiyo.

Sasa mtazame wakala wa fedha wa Kahama au Katoro, miji ya ukanda huuhuu. Kazi ya mani oda iko mikononi mwake tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008. Ana mwavuli, simu ndogo tatu au nne kila moja na laini yake, na daftari la mistari anamoandika kiasi, namba na sahihi ya mteja. Floti, yaani mtaji wa miamala, ni yake, kamisheni hupangwa na kampuni, na akitapeliwa au akivamiwa jioni, hasara ni yake. Hoja ya upande wa pili ni kwamba huyu ni mfanyabiashara, si mfanyakazi, na laini zake nyingi zinathibitisha hivyo. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo hata dalili moja kati ya kadhaa: namna yake ya kufanya kazi kusimamiwa na mwingine, au kumtegemea huyo kiuchumi. Kumtumikia mtu mmoja tu ni dalili mojawapo, si sharti la lazima. Zaidi ya hapo, sheria ya ajira inampa Waziri uwezo wa kulitangaza kundi fulani la watu kuwa waajiriwa. Mlango huo haujafungwa, na chama cha wafanyakazi kinahitaji waajiriwa 20 tu kukutana ili kianzishwe. Mtaa mmoja wa Kahama una mawakala zaidi ya hao. TEWUTA ikiwafuata kama watangulizi wake walivyoufuata waya wa simu, iwasajili, na ipeleke shauri moja la kifungu cha 61 mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, itakuwa mara ya kwanza kwa chama hiki kufika mahali kabla mwajiri hajabadilika tena.