Mwindo alitoka wapi: kitabuni ao kinywani?



Nikiwa mutoto hapa Kingi, babu yangu, muzee wa kutoka Walikale, alikuwa anatusimulia Mwindo usiku, pembeni ya moto. Shemwindo hakutaka mutoto mwanaume. Akamufungia ndani ya ngoma, akamutupa majini. Mutoto akaenda anaimba chini ya maji, anatafuta shangazi yake Iyangura. Hapo babu anaachia, sisi tunalala.

Nilipofika chuo kikuu nikakuta Mwindo ndani ya kitabu, pamoja na mwisho ambao babu hakutufikishaka: Mwindo anamufuata baba yake mupaka kuzimu, anamurudisha, wanagawana utawala. Nikasema, kumbe babu alitoa habari hapa! Nilijidanganya. Babu hakujua kusoma.

Tufuate chanzo pole pole. Kitabu kilitoka mwaka 1969, kazi ya Daniel Biebuyck, Mubeleji, na Kahombo Mateene, Munyanga. Lakini maneno ni ya Candi Rureke. Mwaka 1956 alisimulia, akaimba na kucheza kwa siku 12, wao wanaandika kwa Kinyanga. Mwaka 1978 Biebuyck akatoa kitabu kingine, na masimulizi ya watu wengine. Mwindo ni yule yule, lakini njia hazifanane. Basi hakuna kitabu kimoja cha kale ambacho wote walinakili.

Linganisha na Ulaya. Katika karne ya 12, Geoffrey wa Monmouth aliandika habari za mufalme Arthur, akasema ametafsiri kitabu cha zamani sana. Wasomi wamekitafuta mupaka leo, hakuna aliyekiona. Wao wanatafuta kitabu. Sisi chanzo chetu ni mutu, na mutu anakufa.

Hapa kwetu Masisi na Walikale, vita imetukimbiza mara ngapi? Wazee wengine wamekufia kambini, mbali na moto wao. Babu naye ameenda. Hadithi yake ninayo nusu, na sikumuuliza hata siku moja: "Babu, weye nani alikufundisha?" Swali moja tu, na ule mulango umefungwa.

Wenzangu, simu iko mukononi. Ukienda nyumbani, murekodi muzee. Andika jina lake, kijiji chake, na jina la mutu aliyemufundisha. Usingoje memwari. Muzee hatakungojea.