Vichwa vipya vya treni, na kwa nini havifiki Butere

Nilipokuwa Butere kwa shemeji zangu, mzee mmoja wa jirani aliniuliza swali ambalo sisi watu wa Pwani hatujiulizi. "Mwanangu, wewe watoka Mombasa. Vile vichwa vipya vya treni tuliviona kwenye televisheni vikishushwa melini. Mbona huku havijafika?" Nikamjibu kwa haraka kwamba reli ni tofauti. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi jibu langu halikuniridhisha. Msomaji wangu, haya ndiyo maelezo niliyopaswa kumpa.

Kwanza tujue yeye anasimama wapi. Kaunti ya Kakamega imeguswa na reli pembeni tu. Kaskazini yake, huko Lugari, inapita reli kuu itokayo Nairobi kupitia Nakuru na Eldoret hadi Malaba. Kusini kuna tawi la Kisumu hadi Butere, kama kilomita 69, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mji wa Kakamega wenyewe hauna reli. Mumias nayo haina, ingawa misafara ya babu zetu kutoka Pwani ilikuwa ikipiga kambi pale kwa Nabongo Mumia njiani kwenda Uganda. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, njia ile ya misafara ikafifia.

Reli hizo mbili za Kakamega ni za upana wa mita moja. Reli ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Kichwa cha treni kilichotengenezwa kwa upana mmoja hakiwezi kukanyaga upana mwingine bila kubadilishwa magurudumu na fremu zinazoyashika, ambazo mafundi huziita bogi. Vichwa alivyoviona mzee ni vile vya China vilivyoanza kushushwa bandarini Mombasa Januari 2017. Jumla yake ni 56: 43 vya kuvuta mizigo, 5 vya abiria na 8 vya kupanga mabehewa stesheni. Vyote ni vya SGR. Treni ya Madaraka ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, hakuna hata kimoja kilichoongezwa kwenye reli ya zamani.

Lakini upana si kizuizi pekee, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Hata kichwa kipya cha upana wa mita hakiwezi kupelekwa kokote. Kuna uzito. Kichwa cha tani 90 chenye ekseli sita kinaweka tani 15 juu ya kila ekseli, na reli, mataruma, kokoto na madaraja yote yaliyo chini yake lazima yaweze kuubeba mzigo huo. SGR imejengwa kubeba tani 25 kwa ekseli. Matawi ya zamani yaliwekwa chuma chembamba, kwa sababu waliojenga walitaka reli rahisi ya kubeba mazao.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1955 na 1956, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipokea vichwa 34 vya mvuke vya Garratt kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, vilivyopewa majina ya milima. Kila kimoja kilikuwa na tani 252. Vilivuta mizigo hasa kati ya Mombasa na Nairobi, ambako reli ilikuwa nzito. Kwa matawi, shirika lilitumia Garratt nyingine ndogo na nyepesi. Anayetaka kuona ukubwa wa ile mikubwa aende Makumbusho ya Reli Nairobi akaitazame Mount Gelai, namba 5918. Mimi nilisimama kando yake nikajiona kama sisimizi.

Dizeli ilianza kuingia kwa nguvu mwaka 1960, kwa vichwa vya English Electric kutoka Uingereza, na kufikia 1980 mvuke ulikuwa umekwisha kazi. Faida yake ilionekana mapema. Mvuke ulitaka maji mengi, na kati ya Mombasa na Voi maji ni shida. Pia ulitaka saa kadhaa za kuchemsha kabla ya safari. Dizeli inawashwa na kuondoka. Watu wengi hudhani injini ile inazungusha magurudumu moja kwa moja kama ya lori. Sivyo. Injini ya dizeli inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na umeme ndio unaoendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa hiyo fundi wake lazima ajue dizeli na umeme pamoja. Karakana iliyozoea kuziba mabomba ya boila haikuweza kugeuka usiku mmoja.

Tatizo hilo la karakana lingali nasi. Kila aina ya kichwa inakuja na vipuri vyake, vitabu vyake na vifaa vyake. Ukiwa na aina tano katika karakana moja, unahitaji stoo tano. Ukikosa pete moja ya injini, kichwa cha mamilioni kinalala, kisha kinaanza kunyofolewa vipuri ili kingine kitembee. Baada ya miaka michache vitabu vinasema una vichwa 40 na dereva anakwambia vinavyotembea ni 20. (Namba hizo ni mfano wangu, lakini ugonjwa wenyewe ni wa kweli, na mashirika mengi ya reli Afrika yameuugua.)

Kwenye reli ya mita, wageni wa mwisho wa maana waliletwa na Rift Valley Railways, kampuni iliyokabidhiwa reli ya Kenya na Uganda Novemba 2006 kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2014 ilianza kupokea vichwa 20 vya General Electric vilivyofanyiwa ukarabati Marekani. Havikuwa vipya kwa maana ya kutoka kiwandani. Vilikuwa vimefanya kazi kwao, vikafumuliwa na kuundwa upya kwa upana wetu wa mita. Walikuwepo waliocheka. Mimi sioni aibu: mkweche uliofumuliwa vizuri, wenye vipuri vinavyopatikana, ni bora kuliko kipya kisicho na fundi. Kilichoshindwa ni mkataba wenyewe, uliovunjika mwaka 2017.

Sasa angalia kontena linalotoka Kilindini kwenda Malaba kwa reli. Linavutwa na kichwa cha China hadi Naivasha, ambako SGR imekoma tangu Oktoba 2019. Pale linahamishiwa kwenye behewa la reli ya zamani, linapita kiungo cha kama kilomita 24 hadi Longonot, kisha kichwa cha zamani kinalipandisha hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ndipo literemke Eldoret na kupita Lugari. Sehemu ngumu kuliko zote za safari hiyo imeachiwa vichwa vizee.

Kwa hiyo zikitangazwa tena habari za vichwa vipya, swali la kwanza lisiwe ni vingapi. Tuulize ni vya upana gani, vina tani ngapi kwa ekseli, na vipuri vya miaka mitano vimo katika bei au vitanunuliwa baadaye. Reli ya Nakuru hadi Kisumu ilikarabatiwa, na treni ya abiria kutoka Nairobi ikarudi Kisumu Desemba 2021 ikivutwa na vichwa vilevile vya zamani. Hilo linaonyesha kwamba mahali pengine kinachokosekana ni mataruma na kokoto, si injini.

Nilimpigia mzee simu nikamweleza haya yote. Akasikiliza kwa utulivu, kisha akauliza pesa za vichwa vya China zilitoka wapi. Nikamwambia ni mkopo, na kuna ushuru wa kuendeleza reli unaotozwa bidhaa zinazoingia nchini tangu 2013, ulioanzia asilimia 1.5.

"Hata televisheni?"

Nikamwambia, kama ililetwa kwa meli baada ya mwaka huo, ndiyo, hata televisheni.

"Basi nami nilichangia," akasema. "Nikavitazama humo humo."