Somo la Historia: Daktari Aliyeuliza "Wapi?"

Leo kaeni karibu na ramani, maana tutasafiri.

Tuanzie Mbinga, kwenye milima ya Wamatengo. Huko kuna baridi, kahawa na mashamba ya ngoro. Sasa shukeni mpaka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Safari si ndefu, lakini baridi imekwisha: kuna joto, dagaa na mbu. Lishikeni jambo hilo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto mdogo. Taya zake zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu akamwona mwingine kama yule huko Jinja. Ilikuwa kansa, ambayo siku hizi huitwa pia saratani. Burkitt akajiuliza: Ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo?

Akapeleka picha na maswali katika hospitali nyingi za Afrika. Kisha, Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu. Kwa majuma 10 walikwenda maili 10,000 hivi, hata Afrika Kusini na kurudi, wakipita Tanganyika na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, ng'ambo ya ziwa letu.

Waliona nini? Karibu na ikweta, ugonjwa uliadimika juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Kila walipozidi kwenda kusini, kwenye baridi zaidi, mpaka huo ulishuka. Basi si urefu wa mlima, ni joto. Na penye joto na mvua pana mbu na malaria.

Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake huko London walikuta kirusi kipya katika uvimbe uliotoka Uganda. Kirusi hicho huwaingia watu wengi bila kuwadhuru. Lakini malaria ya mara kwa mara huudhoofisha ulinzi wa mtoto, na hapo hatari huzidi.

Je, ndani ya mwili hutokea nini? Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zilizo hai. Ndani ya chembe kuna protini iitwayo MYC. Hiyo ni kama mnyapara: ikitoa amri, chembe hukua na kugawanyika, ikinyamaza, hupumzika. Mwaka 1982 wataalamu waligundua kwamba katika ugonjwa huu maandishi ya kurithi yanayoitengeneza MYC yamehama mahali pake. Mnyapara hanyamazi tena. Chembe nyeupe za damu huongezeka mchana na usiku, zikajaa katika taya au tumboni.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye maana ya somo. Uvimbe huu hukua upesi mno. Si uchawi. Mtoto akivimba taya na meno yakilegea, msimng'oe jino kisha mkangoja. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Tangu miaka ya 1960, madaktari wa Uganda na Kenya walionyesha kuwa dawa huweza kuuponya. Anayewahi ana tumaini kubwa. Anayechelewa humpa mnyapara nafasi.

Maswali:
1. Burkitt aliuliza swali gani?
2. Kwa nini Mbinga na Mbamba Bay hazifanani?
3. Mtoto akivimba taya, utafanya nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.