Hadhira Inayojibu: Gcina Mhlophe na Urithi wa Utambaji

Mtambaji anayelipwa hutiliwa shaka katika mijadala ya fasihi simulizi. Hoja yenyewe ni kwamba bibi aliyewasimulia wajukuu jikoni hakudai ujira, kwa hiyo anayepanda jukwaani na maikrofoni amegeuza jadi kuwa biashara. Makala hii inaipinga hoja hiyo kwa kuitazama kazi ya Gcina Mhlophe wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Hammarsdale mwaka 1958 na kuonjeshwa hadithi na bibi yake mzaa baba.

Tuanze na jiko lenyewe. Sera za ubaguzi wa rangi ziliwasomba wanaume hadi migodini, zikawafanya wanawake wengi watumishi wa nyumba za Wazungu, na kuzihamisha jamii nzima kwa nguvu. Mtoto na bibi walitenganishwa. Tamthilia ya Mhlophe, Have You Seen Zandile?, iliyooneshwa Market Theatre jijini Johannesburg mwaka 1986, imejengwa juu ya jeraha hilo: msichana anaondolewa kwa bibi yake na kupelekwa kwa mama, Transkei. Kabla ya hapo tunamwona bustanini, ameyageuza maua kuwa wanafunzi na kuyafokea kama mwalimu. Mtoto huyo anajifunza kutenda kwa kutenda, na hadhira yake anaiumba mwenyewe. Kumdai mtambaji wa leo arudi jikoni ni kumrudisha mahali palipokwisha kubomolewa.

Wengine watasema hadithi zenyewe zimehifadhiwa vitabuni. Ni kweli. Henry Callaway alichapisha ngano za Wazulu mwaka 1868, kwa Kizulu na Kiingereza, nyingi akiwa amezipata kwa wasimulizi wenyewe. Kama kuhifadhi kungekuwa kuandika tu, kazi ingekuwa imekwisha zaidi ya miaka 150 iliyopita. Kisichokaa kitabuni ni mwitikio. Mtambaji wa Kizulu hufungua kwa “Kwasukasukela”, na wasikilizaji huitika “Cosi!”, kama sisi tunavyojibu “Pakawa” tukisikia “Paukwa”. Hapo msikilizaji ameingia mkataba: ataimba kiitikio, atauliza, na ikibidi atamsahihisha msimulizi anayeruka tukio. Fanani asiye na hadhira ya namna hiyo anahutubia tu.

Ndiyo maana nauona ufundishaji wa Mhlophe kuwa mzito kuliko hata maonesho yake. Kupitia kundi la Zanendaba alilolianzisha Johannesburg, aliwaandaa watambaji wengine. Kupitia kampeni ya Nozincwadi, amepeleka vitabu na hadithi katika shule za vijijini. Mtambaji anayehimiza usomaji huwakera wanaoamini kwamba kalamu huua sauti. Mimi sioni mgongano. Mtoto aliyezoea kuitika humsomea mdogo wake akitarajia kuitikiwa.

Lipo pingamizi moja ninalolikubali. Mhlophe hutamba kwa Kizulu, Kixhosa, Kiingereza na Kiafrikaans, na hadithi inapohamia Kiingereza, nyimbo zake hupoteza mizani na tanakali zake hufifia. Soko la kimataifa hulipia zaidi toleo hilo. Hasara hiyo ni ya kweli, na haiondolewi na makofi ya ukumbini. Lakini dawa yake ni kumlipa mtambaji vizuri anapotamba kwa lugha ya nyumbani, si kumnyima ujira.

Suala hili linatuhusu. Katika shule za Kenya na Tanzania fasihi simulizi hutahiniwa kwa maandishi: sifa za fanani, vipera, dhima. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote bila kusikia hadithi ikitambwa hata mara moja. Huo ni udhalimu kwa somo na kwa mtoto. Mitaala inayotenga fedha za maabara ya kemia inaweza kutenga posho ya mtambaji wa kijiji, aje darasani kila muhula, na sehemu ya alama itolewe kwa mwanafunzi anayesimama mbele ya wenzake, akatamba, wakamjibu.