Tanki Yako ya Samaki Imejaa Kijani? Chanuka Kuhusu CO2 Kabla Umalize Samaki

Najua vile ilienda. Uliona video ya tanki imejaa mimea, maji safi kama ya chupa, ukaamua hata keja yako itakaa hivyo. Ukanunua tanki, taa kali na mimea. Wiki ya tatu vioo vimegeuka kijani na majani yameota ndevu nyeusi. Hiyo inaitwa mwani, na mara mob shida si uchafu. Shida ni CO2.

Hii style ya tanki ilifanywa kubwa na Takashi Amano, mpiga picha Mjapani aliyeanzisha kampuni ya ADA mwaka wa 1982. Kabla afariki 2015 alitengeneza tanki la urefu wa mita 40 pale Oceanário de Lisboa, Ureno. Wale kamba wadogo wa kula mwani wanaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Sasa sikia. Ukikausha mmea, karibu asilimia 40 ya uzito wake ni kaboni, na mingi ya hiyo hutoka kwa CO2. Kwa hewa hakuna noma. Lakini ndani ya maji gesi hii inasambaa polepole karibu mara 10,000 kuliko hewani. Wewe nawe umewasha taa kutoka asubuhi hadi usiku. Taa ni kama kukanyaga mafuta: mmea unataka CO2 zaidi, ikikosa unakwama. Majani ya zamani yanaanza kuoza na kuvuja, na mwani, ambao huishi na kidogo, unachukua base. Zile ndevu nyeusi hupenda sana tanki ambayo CO2 yake inapanda na kushuka ovyo.

Kwa hivyo dawa ya kwanza ni ya bure: punguza taa. Masaa 6 hadi 8 kwa siku yanatosha. Kama huna budget ya gesi, weka anubia, mmea wa Afrika Magharibi na Kati ambao hukua pole pole na hausumbui.

Ukitaka gesi bila kuuza simu, kuna ile ya chupa ya soda ya lita 2: vikombe viwili vya sukari, robo kijiko cha chai cha hamira, maji ya uvuguvugu mpaka theluthi mbili ya chupa, halafu mpira mwembamba kutoka kwa kifuniko hadi kwa tanki. Pitisha kwanza kwa chupa ya pili yenye maji, ndio ule uji wa hamira usiingie kwa samaki. Inaenda kama wiki mbili hivi.

Hapa ndipo mimi nilichomeka. Niliweka hamira kijiko kizima juu nilitaka majani yakue chapchap, nikalala. Asubuhi samaki wote saba wako juu wanahema, watatu wameshaenda. Giza likiingia mimea haili CO2. Inaitoa, na inagawana oksijeni na samaki. Na chupa ya hamira haina swichi.

Wenye doo hununua mtungi wenye vali ya stima na taimeri: gesi inaanza saa moja au mbili kabla ya taa, na inazimwa saa moja kabla taa izimwe. Kiwango ambacho wengi hulenga ni miligramu 30 hivi kwa lita. Kuna kidude kidogo cha kioo chenye maji ya rangi unachobandika ndani: bluu ni kidogo, kijani iko fiti, njano toa mguu. Lakini kinachelewa kama masaa mawili, so usiongeze gesi kila dakika ukikiangalia.

Samaki wakianza kuhema juu, toa mpira wa gesi kwanza, washa pampu ya hewa itikise maji juu, halafu badilisha nusu ya maji. Ya mfereji uyatoe klorini kwanza.